Medicare: bima ya afya ya wazee Marekani ilianzaje?

Kabla ya Medicare, wazee walitibiwaje?
Kwa akiba yao, kwa msaada wa watoto wao, au hawakutibiwa kabisa. Bima nyingi zilitokana na kazi, hivyo mtu akistaafu bima nayo inakatika, wakati ndio kwanza mwili unaanza kudai matibabu. Karibu nusu ya wazee hawakuwa na bima ya hospitali.

Nani aliianzisha?
Rais Harry Truman alipendekeza bima ya afya kwa wananchi wote mwaka 1945. Chama cha madaktari kilimpinga vikali, kikiuita mpango huo ujamaa, na ukakwama bungeni. Baadaye watetezi wake wakaamua kuanza na wazee tu. Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi Independence, Missouri, nyumbani kwa Truman, akatia saini sheria mbele yake. Truman, akiwa na miaka 81, akapewa kadi ya kwanza.

Ilibadilisha nini?
Matibabu yalianza kulipiwa tarehe 1 Julai 1966, kwa watu wapatao milioni 19. Sehemu A ililipia kulazwa. Sehemu B ililipia madaktari, kwa mchango wa dola 3 kwa mwezi.

Lakini kuna badiliko jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Hospitali nyingi za majimbo ya Kusini ziliwatenga Weusi: wodi zao kando, mlango wao kando, hata damu ya kuongezewa ilitengwa. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ilikataza fedha za serikali kuu kwenda kwa wabaguzi. Hospitali iliyotaka malipo ya Medicare ilibidi iache ubaguzi, na wakaguzi walipita wodini kuangalia nani amelazwa chumba kimoja na nani. Ndani ya miezi michache, hospitali nyingi zilizogoma kwa miaka zikakubali.

Dawa nazo zimo?
Dawa za kutumia nyumbani ziliingizwa mwaka 2006 tu. Tangu 2023, mgonjwa halipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina ya insulini inayolipiwa na mpango wake. Meno na miwani kwa kawaida bado havimo.

Mzazi wangu alihamia Marekani ukubwani. Anastahili?
Akiwa amefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa takriban miaka 10, halipi mchango wa Sehemu A. Asipofikisha, lakini ni mkazi wa kudumu aliyeishi huko miaka 5 mfululizo, anaweza kujiunga kwa kulipia. Ajiandikishe mapema, kuanzia miezi mitatu kabla ya mwezi anaotimiza miaka 65. Akichelewa bila kuwa na bima ya kazini, mchango wake wa Sehemu B huongezwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima aliochelewa, na kwa kawaida nyongeza hiyo haiondolewi.