Wateja Wakiongezeka, Simu Ilizidi Kuwa Ghali
Juzi kijana mmoja msomi alinieleza tena kwamba simu zilienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu wateja wakiwa wengi, gharama ya kila mmoja hushuka. Tangu nianze kazi ya mitambo ya simu nasikia maneno haya, na leo sinyamazi. Kwa sabuni, sawa. Kwa swichibodi ya mkono, yaani ubao wa matundu ambapo opereta aliunganisha simu kwa mkono wake, mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Anayelipia simu halipii waya wake tu, analipia kumfikia kila mteja mwingine. Opereta akiona taa ya mpigaji anachomeka plagi na kuuliza namba. Tundu la anayeitwa lazima liwe pale mkono wake unapofika, kwani hawezi kuinuka akakimbia ukumbini. Kwa hiyo laini zote zilirudiwa mbele ya kila kundi la maopereta.

Piga hesabu. Tuseme maopereta watatu wanapokea simu za wateja 300. Mji wa wateja 600 una makundi 2, na matundu 1,200. Wateja wakifika 6,000, makundi yanakuwa 20, na kila moja linataka matundu yote 6,000: jumla 120,000. Wateja mara kumi, matundu mara mia! Matundu ya kuitikia, yale ya kumpokea mpigaji, hata sijayahesabu. Kila tundu limelehemiwa kwa mkono. Tena kabla ya kuchomeka, opereta hugusa tundu kwa ncha ya plagi akisikiliza kama linalia "tik", maana mwenzake wa upande wa pili wa ukumbi huenda ameshaichukua laini hiyo hiyo. Kwenye laini 10,000 hivi mkono wa mtu uligota. Kikajengwa kituo cha pili, na simu ya kutoka kituo hadi kituo ikahitaji maopereta wawili.

Urahisi ulikuwa mashambani. Hataza (haki za uvumbuzi) za Bell, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, zilipoisha mwaka 1893 na 1894, kampuni ndogo zilichipuka kila upande, na wakulima wakasimamisha nguzo wenyewe. Wengine walipitisha simu kwenye seng'enge za mashamba yao. Nyumba kadhaa zilichangia laini moja, kila nyumba na mlio wake: mmoja mrefu, miwili mifupi. Matundu ya kurudia ya nini hapo?

Mvumbuzi Mmarekani, Strowger, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu wenyewe bila opereta mwaka 1891, lakini Bell ilianza kuusimika kwa dhati mwaka 1919, kule Norfolk, Virginia. Vitabu huita huo ukaidi. Mimi nina mashaka. Mji wenye vituo vingi ulitaka mtu wa kuamua simu ipite njia ipi, na opereta alilifanya hilo kwa sekunde chache. Ningekuwa mhandisi wao mwaka 1905, nadhani nami ningewabakiza maopereta.