Sponji ya filta haianikwi juani

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, niliingia nyumba moja ya Tabata nikakuta sponji ya filta ya tangi la samaki imeanikwa kwenye kamba ya nguo, imebanwa kwa vibanio viwili katikati ya kanga na sare ya shule. Nikainusa: sabuni ya unga. Sebuleni, tangi la lita 100 linang'aa, na goldfishi wawili aina ya oranda wamelala chini, mapezi yamebana mwilini, mashavu yanafunguka harakaharaka. Wenzao wawili walishakufa, wamo kwenye beseni.

“Kaka, nimejitahidi jamani,” mama mwenye nyumba akaniambia. “Nilivyoona mmoja wa hawa wapya ana vidoa, nikamwaga maji yote, nikaosha kokoto, nikasugua kila kitu. Maji yenyewe si unayaona yalivyo safi?”

Huyo ni mtu wa tatu ndani ya mwezi mmoja kuniambia maneno hayohayo. Wote watatu walifanya kwa upendo, walikesha, walitumia nguvu zao, na wakawaua samaki waliotaka kuwaokoa. Ndiyo maana leo naandika kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Maji ya tangi hayapimwi kwa macho. Amonia haina rangi, klorini haina rangi. Samaki anatoa amonia muda wote, nyingi inapitia kwenye mashavu, na anaishi humohumo anamoitoa. Kinachomwokoa ni bakteria: kundi moja linaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi jingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hawa hawaelei majini. Wameshikilia kwenye sponji, kwenye kokoto, kwenye mawe. Ule utelezi wa kahawia unaouona kwenye sponji ukasema “uchafu gani huu”, ndio wao. Kwenye tangi jipya wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, na sabuni na jua la Dar vinawamaliza kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo yule mama alipomaliza usafi wake alikuwa na tangi lisilo na mlinzi, lina maji ya bomba yenye klorini, na ndani yake samaki mpya aliyechoka na safari. Vidoa alivyoviona mwanzo vilikuwa vinatibika. Naamini kabisa wale wawili waliuawa na usafi kabla ya ugonjwa.

Sasa hapa watu wananielewa vibaya, na ndipo ninapopoteza uvumilivu. Sijasema kubadilisha maji ni kubaya! Kuna wafugaji wa diskasi wanaobadilisha karibu maji yote kila siku na samaki wao wamenona. Ukiwaangalia utaona maji yao mapya yameshatolewa klorini, joto lake ni lilelile, na filta haijaguswa. Kumwaga maji ni kitu kimoja, kuua bakteria ni kitu kingine kabisa. Ukipima ukakuta amonia iko juu, badilisha hata nusu ya maji hapohapo usisubiri kesho. Kisha sponji ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, mara mbili tatu, irudi kazini ikiwa na kahawia yake. Klorini huondoka maji yakikaa saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi, na pampu ya hewa inaharakisha. Ila kama mamlaka ya maji ya kwenu wanatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), hiyo haiondoki kwa kukaa, utahitaji dawa ya kuondoa klorini inayotaja kloramini kwenye chupa.

Jambo jingine linaloudhi ni mfuko. Samaki wa kutoka Kigoma, hawa Tropheus wa ziwani wanaokuja kwa safari ndefu, wakifika mtu anafungua mfuko, anauacha unaelea, anaongeza kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika kumi kwa saa nzima. Anadhani anawazoesha. Kumbe ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu wanayoitoa imeshusha pH (kipimo cha asidi majini; ikishuka, asidi imezidi), na pH ikiwa chini amonia inakaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Ukifungua, hewa ile inatoka, pH inapanda, na kila pH inapopanda kwa 1, kwa mfano kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka takriban mara 10. Samaki yumo ndani ya sumu hiyo na wewe unahesabu vikombe. Mfuko wa safari ndefu uelee umefungwa dakika 15 au 20 joto lilingane, ufungue, mtoe samaki kwa wavu mara moja, maji ya mfuko yamwagwe nje. Samaki wa duka la jirani aliyekaa nusu saa mfukoni, huyo mchanganye taratibu kama kawaida.

Turudi kwenye vidoa vyeupe. Ni kimelea, Ichthyophthirius, sisi tunaita iki. Anafanana na punje ya chumvi iliyonata kwenye mapezi, lakini hajakaa juu ya ngozi, amejifukia chini yake, na akiwa humo dawa haimfikii. Akishiba anatoboa, anaanguka chini, anajifunga kwenye ganda lake na kugawanyika. Mmoja anakuwa mamia. Hao mamia wanatoka kuogelea wakitafuta samaki, na ni hapo tu, wakiwa wanaogelea, ndipo dawa au chumvi inawaua.

Ndiyo sababu ujumbe wa “kaka vidoa vimeisha siku ya tatu nimeacha dawa” unanivunja moyo. Vidoa havijaisha, vimeanguka. Vipo kwenye kokoto vinazaana. Siku chache mbele vitarudi vingi kuliko vya mwanzo, na safari hii vitaingia kwenye mashavu ambako huvioni, utaona tu samaki anahema juu ya maji. Endelea angalau siku 10. Kwa joto letu la pwani mzunguko wote unaisha ndani ya wiki, walioko Njombe au Nairobi wasio na hita wahesabu siku nyingi zaidi.

Ninachofanya mimi ni hiki. Namhamishia mgonjwa kwenye ndoo ya lita 20, pampu ya hewa, na kipande cha sponji kutoka tangi langu la zamani lenye samaki wazima. Chumvi ya kawaida ya jikoni, gramu 2 hadi 3 kwa lita, kwa hiyo ndoo nzima inakula gramu 40 hadi 60. Pima kwa mizani, vijiko vya watu havilingani. Iyeyushe kwanza pembeni, iingie kidogokidogo siku nzima. Maji yakipungua kwa mvuke jazia maji matupu, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, ukijazia ya chumvi unamzidishia. Ukitoa lita 5, rudisha lita 5 zenye chumvi ya lita 5. Jamii ya kambare hawaipendi chumvi, hao waendee polepole. Chakula siku mbili za mwanzo hakuna, hatakufa njaa. Tangi lililobaki bila samaki liache hivyo wiki mbili, iki akikosa samaki hana pa kwenda.

Wapo wanaoogopa madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Ni machache mno, nimeitumia miaka yote.

Pamba nyeupe mdomoni ndiyo inayonitesa. Inaweza kuwa fangasi, inaweza kuwa bakteria wa columnaris, na kwa macho zinafanana sana. Niliwahi kuona pamba kama hiyo kwa samaki aina ya moli wa mteja, nikasema kwa kujiamini ni fangasi, nikapandisha joto hadi nyuzi 30 nikidhani namsaidia. Columnaris anapenda joto. Siku ya pili moli wote sita walikuwa wamekufa. Bila darubini bado siwezi kuapa ni kipi ni kipi, kwa hiyo sasa nikiona pamba mdomoni siongezi joto, naongeza hewa, nashusha amonia, na natafuta daktari wa mifugo kabla ya kugusa antibaiotiki. Chumvi nayo imenisaidia mara nyingi kwa iki, na mara kadhaa imeshindwa nikalazimika kwenda kwenye dawa. Ukinunua samaki mpya mtenge wiki 3 kwenye ndoo kabla hajawaona wenzake, maana hata mimi dukani siwezi kukuhakikishia alichobeba.

Yule mama tuliondoa sponji kambani, nikamkatia nusu ya sponji yangu, tukawaweka wale wawili kwenye ndoo. Mmoja alikufa Jumatatu. Aliyebaki leo yuko siku ya 13, vidoa havionekani tangu siku ya 5, na kila jioni mama ananipigia kuuliza kama amrudishe tangini maana watoto wamemkumbuka. Nimemwambia mpaka Jumamosi. Asubuhi hii kanitumia video: ndoo ya bluu, kidole cha mtoto ukingoni, na oranda anapanda juu kuchukua punje ya chakula.