Kichocho si ishara ya mwili dhaifu

Kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, chini ya mji wa Moshi, utasikia: “Yule kapata kichocho kwa sababu kinga yake imeshuka.” Si kweli, na maneno hayo yanawaumiza wagonjwa bure. Lava, yaani minyoo wachanga wa kichocho, hutoka kwa konokono wa mferejini na kutoboa ngozi ya yeyote anayeingia majini, hata mkulima mwenye afya tele.

Kinachofuata ndicho cha ajabu. Minyoo ya kichocho cha tumbo hukaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, dume kamkumbatia jike, na huishi humo miaka huku seli za kinga zikipita kandokando. Inawezaje? Njia mojawapo ni vifuko ambavyo minyoo huvimwaga kwenye damu, vidogo mno hata hadubini ya zahanati haivioni. Vimebeba protini na vipande vifupi vya RNA, molekuli inayohusika na kazi ya jeni. Seli za kinga huvimeza, kisha vipande hivyo hupunguza kazi ya baadhi ya jeni za seli hizo. Kinga ni nzima, ila inavurugwa kutoka ndani.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya. Anayerudi mferejini arudi pia kupimwa.