Chembe nano za dhahabu katika tiba ya saratani: maana yake

Dhahabu ikipunguzwa hadi chembe zisizoonekana kwa macho, haibaki ya manjano. Chembe za upana wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) zikielea majini, maji hugeuka mekundu, wekundu unaokaribia damu ya mzee. Michael Faraday aliueleza mwujiza huo jijini London mwaka 1857. Mafundi wa vioo wa Roma ya kale waliutumia karne nyingi kabla yake, bila kujua kinachoendelea ndani ya kioo.

Kinachoendelea ni hiki: chembe ya dhahabu ina elektroni zinazozunguka huru. Mwanga wa rangi inayoafikiana nazo ukizipiga, zote huyumba pamoja huku na huko, mithili ya maji yanayosukasuka ndani ya ndoo, na mwanga huo hufyonzwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Wanafizikia hukuita kuyumba huko plazmoni. Nishati iliyofyonzwa lazima iende mahali, nayo huenda kuwa joto, kabla hata sekunde haijafika sehemu yake moja ya bilioni.

Tiba yenyewe imejengwa juu ya jambo hilo moja. Chembe huingizwa mwilini, hukusanyika kwenye uvimbe, uvimbe humulikwa kwa leza, chembe hupata moto, na seli za saratani zilizo jirani huungua. Dhahabu hapa si dawa, wala mwanga huu si ule wa tiba ya mionzi unaoharibu vinasaba. Kinachoua ni joto tu. Watu huichanganya pia na tiba ya fotodinamiki, ambayo nayo hutumia mwanga, ila ile humulika kemikali inayozalisha oksijeni kali yenye kuziharibu seli.

Joto linalohitajika si kubwa. Seli zimezoea nyuzijoto 37. Zikifikishwa 42 au 43 huanza kutaabika, na zikipita 50 protini zake huganda ndani ya dakika chache, kama ute wa yai unavyokuwa mweupe na usirudi tena ulivyokuwa.

Kazi ngumu ni kuchagua mwanga. Ukiwa gizani, funika tochi kwa kiganja: utakachoona kikipenya ni wekundu peke yake, kwa kuwa rangi nyingine zimemezwa na damu. Mwanga uliopita kidogo ule mwekundu, usioonekana kwa macho, hupenya zaidi. Ukisogea mbali mno, maji ya mwilini nayo huanza kuufyonza. Kwa hiyo kuna kama dirisha, takriban nanomita 650 hadi 900 kwa urefu wa wimbi la mwanga, ambapo mwili hauuzuii mwanga sana. Balaa ni kwamba chembe ya dhahabu ya mviringo hupenda mwanga wa kijani, karibu nanomita 520, ambao hauendi popote ndani ya nyama.

Suluhisho likawa kubadili umbo. Chembe ikirefushwa kuwa kijiti, rangi inayoipenda husogea kuelekea kwenye dirisha lile. Njia hiyo ilishughulikiwa sana na Mostafa El-Sayed na wenzake huko Marekani. Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walipita njia nyingine: kiini cha silika, kitu kilekile kinachounda kioo, kilichovikwa ganda jembamba la dhahabu. Kadiri ganda linavyokuwa jembamba kulingana na kiini, ndivyo chembe inavyopenda mwanga mwekundu zaidi. Mwaka 2003 walichapisha matokeo ya panya. Mwaka 2019 yakachapishwa ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume: chembe zilipitishwa mshipani, na siku iliyofuata nyuzi nyembamba za kupitisha mwanga wa leza zikaingizwa kwa sindano hadi ndani ya uvimbe. Kwa 15 kati yao matibabu yalikamilika.

Sasa chembe hujuaje njia ya kwenda kwenye uvimbe? Kwa kweli hazijui, na hapa ndipo sifa nyingi huzidi chumvi. Uvimbe hujijengea mishipa ya damu haraka haraka, mishipa yenye matundu, na chembe huvuja humo. Lakini mapitio ya tafiti za wanyama yaliyotolewa mwaka 2016, yakihusu chembe nano za aina nyingi, yalionyesha kuwa kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya kipimo inayofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa hunaswa na ini na wengu.

Mtu angedhani basi ini ndilo litakaloungua. Haliungui, kwa sababu liko gizani. Ili joto litokee, chembe na leza lazima zikutane mahali pamoja. Hata hivyo dhahabu iliyonaswa haitoki upesi, maana chembe ya nanomita 150 haiwezi kupita kwenye figo, na ingawa dhahabu ni metali tulivu, wagonjwa huhitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu.

Na giza hilohilo linalolinda ini ndilo mpaka wa tiba hii. Mwanga huingia sentimita chache tu, na baada ya hapo lazima nyuzi zipelekwe kwa sindano. Uvimbe mmoja unaojulikana ulipo unaweza kufikiwa hivyo. Saratani iliyokwisha kusambaa kwenye mifupa na mapafu, leza haina pa kuelekezwa.