Mbwa haumizwi na kuhama kutoka kwako, anaumizwa na banda

Kila ninapotafuta walezi wa muda, watu wa kukaa na mbwa wa kituo cha uokoaji hadi apate familia ya kudumu, jibu ni lile lile: "Siwezi. Akinizoea kisha nimtoe, si nitakuwa nimemtupa mara ya pili?" Husemwa kwa huruma kabisa, na kila likisemwa kuna mbwa anabaki kituoni. Nimechoka kulijibu kwa upole.

Mbwa hajapewa pendo moja la kutumia maishani. Utafiti wa wanasayansi wa Hungaria uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mbwa wazima wa vituoni walianza kumshikamania mtu mgeni kama mtu wao baada ya kukaa naye mara 3 tu, dakika 10 kila mara. Kinachowachosha ni banda lenyewe: kubweka usiku kucha, sakafu ya saruji, nyuso zinazobadilika kila zamu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwa mbwa waliotoka kituoni kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au mbili. Ilishuka. Waliporudishwa kituoni, ikapanda kama mwanzo. Kwa hiyo ukimnyima kwako ili asije akaumia, unamwacha pale pale anapoumia.

Ndiyo, akihamia kwa familia yake ya kudumu anaweza kususa chakula au kuzungukazunguka mlangoni siku chache. Hupita. Mara nyingi ugumu wa kuhama tunautengeneza sisi walezi: mbwa analala kitandani, hajawahi kuachwa peke yake hata tukienda chooni, halafu tunashangaa analia kwa wenyewe wapya. Tangu siku ya kwanza mzoeze kubaki peke yake, dakika chache, kisha nyingi zaidi. Siku ya makabidhiano mpe blanketi lake, na tafadhali usilifue. Harufu ile ndiyo inayomtuliza. Mpe na chakula alichozoea, kichanganywe na kipya kwa wiki moja hivi. Anayelia sana siku hiyo huwa ni mlezi. Lia tu, mwenzako keshaanza kunusa gari.

Eti lazima uwe na uwanja? Mbwa mzee, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, anahitaji kona tulivu na matembezi mafupi. Uwanja wenye ua mbovu ndio unaonitisha, maana mbwa mgeni hutoroka siku za mwanzo. Atembezwe kwa kamba hata ndani ya ua.

Eti mbwa wa vituoni wote wana kasoro? Wapo waliofika kwa sababu tu mwenyewe alihama au alifariki.

Na hii ya kudeki kwa sabuni baada ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoua hasa watoto wa mbwa: sabuni haiui virusi vile. Klorini iliyochanganywa na maji huviua kwenye sakafu iliyokwisha oshwa, lakini kwenye udongo huishi miezi mingi. Ikiwa mbwa aliwahi kufa kwa parvo hapo kwako, sema mapema. Hatutakunyima mbwa, tutakupa mkubwa aliyekamilisha chanjo, si kitoto.