Foleni ya sifa kwenye Kiingereza, kwa nini "wooden old big boat" inapigwa kosa

Mdogo wangu yuko kidato cha pili hapa Ujiji, juzi kaja na daftari kaandika "a wooden old big boat" kapigwa kosa na haelewi kwa nini, maana maneno anayajua na spelingi zote ziko sawa.

Shida ni mpangilio. Sisi jina linatangulia, mtumbwi, halafu ndo unaongeza mkubwa, wa zamani, wa mbao, na hata ukizigeuzageuza hizo sifa mtu anakuelewa wala hashtuki. Kiingereza sifa zinakaa mbele ya jina na zina foleni yake, mwenye lugha akisikia imevurugwa sikio linakataa hata kama hajawahi kufundishwa hiyo sheria darasani.

Foleni yenyewe: maoni yako kwanza (uzuri, ubaya), halafu ukubwa, umri, umbo, rangi, inakotoka, imetengenezwa kwa kitu gani, mwisho kazi yake. Vitabu vingine vinatanguliza umbo kabla ya umri, hilo lisikusumbue.

Sasa chukua Liemba yetu, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaungwa hapahapa na kuingia ziwani 1915. Kwa Kiingereza ni "a big old German steel ship", yaani ukubwa, umri, inakotoka, chuma. Ukitaka kuisifia, na inastahili kabisa, beautiful inakaa mbele ya zote.

Mimi huwa nawaelekeza hivi, sifa inayobishaniwa sana ndo inakaa mbali na jina. Uzuri wa meli tunaweza kubishana mpaka usiku, ukubwa nao inategemea unalinganisha na nini, ila chuma ni chuma hakuna wa kubisha, ndo maana steel imeganda pale pembeni ya ship. Na kazi inaganda kuliko zote, "a wooden fishing boat", hiyo fishing huwezi kuihamisha ikae mbele ya wooden.

Rangi mbili zinaungwa na and, "a black and white goat". Namba ndo kinyume chetu kabisa, sisi tunasema mitumbwi mikubwa miwili, wao two inatangulia hata maoni.

Basi dogo kafuta akaandika "a big old wooden boat", kaitazama kidogo, akachomeka fishing kabla ya boat bila mtu kumwambia.