"Kompaila imetuwekea kanari"

Wiki hii nimeisikia tena, Westlands, Nairobi, kutoka kwa vijana wanaoandika programu ya mashine za kukatia tiketi: "Hatupimi urefu wa data inayoingia, kompaila imeweka kanari." Jamani, nimechoka kuisikia.

Kanari ni nambari ya nasibu ambayo kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huiweka kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya kila kitendakazi, kabla ya anwani ya kurudi, yaani mahali programu itakapoendelea kitendakazi kikiisha. Bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu inayopokea data, ikifurika na kuikanyaga, programu inajizima. Ni kinga nzuri, msiizime. Ila inashtuka maji yakishamwagika, tena kwenye staki tu. Bafa iliyo kwenye hipu, kumbukumbu ambayo programu huiomba ikiwa kazini, haina kanari. Dosari ya sudo, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, iliyotangazwa 2021 ilikuwa ya hipu, nayo ilikuwa imejificha humo tangu 2011. Mtumiaji wa kawaida aliweza kujipa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo.

Kinachoniumiza zaidi ni seva zinazotumia fork, yaani kujinakili na kuzaa programu mtoto, kwa kila mteja. Mtoto hurithi kanari ya mzazi. Mshambulizi anabahatisha baiti moja baada ya nyingine. Akikosea, mtoto anakufa na mwingine anazaliwa na kanari ileile. Kwenye Linux ya biti 64, moja kati ya baiti 8 za kanari huwa sifuri. Zinabaki 7, kila moja ikihitaji majaribio yasiyozidi 256. Jumla ni 1,792, hata bahati ikimkataa kabisa. Huo ndio ukuta mnaojificha nyuma yake?

Pimeni urefu kabla ya kunakili, kila mara. Kisha washeni AddressSanitizer, chombo kinachonasa makosa ya kumbukumbu programu ikiwa kazini, na muilishe programu data takataka usiku kucha. Ushauri huu nautoa kwa kila mteja, na wanaoufuata hurudi na orodha ya dosari ambazo hawakuziota.

Kisha huja visingizio. "Tulihamia strncpy." Data ikijaza bafa yote, strncpy, kitendakazi cha C cha kunakili maandishi kwa kikomo, haiweki baiti ya sifuri inayoonyesha maandishi yameishia wapi. Tumieni snprintf, na mkague thamani inayorudisha.

"Tuna faiwoli." Mnyoo wa Morris wa 1988, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, uliingia kupitia fingerd, huduma iliyokuwa wazi kwa makusudi, kwa kufurisha bafa ya baiti 512 iliyosomwa kwa gets, kitendakazi cha C kisichopima urefu. Mlango mliouruhusu wenyewe, faiwoli itaupitisha.

"Sisi tunaandika Python." Lugha yenyewe hukagua mipaka, kweli, lakini maktaba nyingi za picha na usimbaji mnazoziita zimeandikwa kwa C. Zisasisheni.